Chungu cha Dada na Jicho la Fundi Saa

Fundi saa ninayetaka kumsimulia hapa hakuwahi kuandikwa gazetini, wala kuitwa mbele ya halaiki apewe cheti. Alikuwa na chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa, chenye dirisha pana lililopokea mwanga wa asubuhi. Na chini ya dirisha hilo aliinamia saa za watu kwa miaka arobaini. Ngazi za kupandia kwake zilikuwa kumi na tisa. Ninaijua idadi yake kwa kuwa, tangu nilipostaafu kazi ya ualimu, nilizipanda karibu kila siku kumpitia, ili tushuke pamoja kwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake.

Mimi na yeye tulikalia dawati moja katika shule ya bweni ya misheni. Alikuwa mtoto mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kufungua kila kitu kilichofungwa kwa skrubu. Mama yao alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne, na baba alikuwa amekwisha kutangulia. Dada yake, msichana wa miaka kumi na mitano wakati huo, ndiye aliyembeba, akamwogesha na kumfundisha kusema. Alipofikisha miaka kumi na saba akaweka chungu chake cha kwanza nje ya lango la karakana ya reli, akawauzia chakula mafundi wa mabehewa. Ada ya shule ilitoka katika chungu hicho.

Chakula cha bweni, Mungu awarehemu waliotupikia, hakikuwa na ladha yoyote. Tulikula maharage yaliyochemshwa kwa maji na sala. Basi ilipofika Jumapili ya wageni, dada alikuja na kikapu, na chini kabisa ya kikapu, ndani ya karatasi iliyosokotwa ncha, palikuwa na chumvi. Mwenye chumvi bwenini alikuwa mtu mkubwa. Wavulana wa madarasa ya juu, waliotuzaba makofi juzi yake, walikuja wakatuita ndugu zao kwa ajili ya chembe mbili. Na kila alipomkabidhi ile karatasi, dada alisema neno lile lile: "Mdogo wangu asile kama mfungwa."

Nimeyatanguliza haya kwa makusudi. Atakayesoma yanayofuata huenda akamwona fundi saa kuwa mtu mwoga, na mimi sitaki aonekane hivyo kabla hajajulikana alilelewa na nani, na kwa kitu gani.

Chungu cha lango la karakana kilizaa meza mbili, meza mbili zikazaa chumba, na tulipokuwa wazee mkahawa ule ulikuwa na meza kumi na moja, mlango wa kijani na foleni ya makarani kila saa sita na nusu. Wateja wote, hata waliomzidi umri, walimwita Dada Mkubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya taratibu isiyorudiwa mara mbili. Alikuwa na sheria moja iliyojulikana mtaa mzima: mezani kwake hapawekwi chumvi. Palikuwa na maji, palikuwa na vijiko katika kikombe cha bati, lakini chumvi hapana.

"Mteja akijiongezea chumvi," aliniambia siku moja, "ni sawa na kunisahihisha kwa wino mwekundu mbele ya darasa zima. Wewe Mwalimu unalijua hilo. Ungekubali?"

Nilimjibu kwamba nisingekubali.

Kazi yake aliipanga kwa namna yake. Alfajiri aliteleka sufuria kubwa ya alumini, ambayo yeye aliendelea kuiita chungu, nasi tukaiita hivyo. Humo alichemsha mifupa na vitunguu hadi maji yakawa supu. Ilipofika saa mbili asubuhi alitia chumvi kwa mkono wake mwenyewe, konzi baada ya konzi, akionja kwa kijiko cha mti. Na miaka ya karibuni alizoea kuvunjia humo pia vidonge vya supu vya dukani. Hakuna mpishi msaidizi aliyeruhusiwa kuigusa chumvi hiyo. Kisha kila kitu kilichopikwa siku hiyo kilitoka humo: maharage yalimaliziwa kwa supu hiyo, wali ulipikwa kwa hiyo, mboga zililainishwa kwa hiyo, mchuzi wa nyama uliongezwa kwa hiyo. Mwishoni, sahani ilipokuwa tayari kutoka dirishani, Dada Mkubwa aliinyunyizia chumvi kidogo kwa vidole vitatu. Kwake hiyo ilikuwa kama kutia sahihi.

Fundi saa alianza kuumwa kichwa akiwa na miaka sitini na mmoja. Mkewe alimburuta hospitali, wakakuta presha imepanda. Daktari aliyempokea alikuwa na watu wengi mlangoni, akamuuliza maswali kwa haraka, na mojawapo lilikuwa hili: "Mzee, unaongeza chumvi mezani?"

"Sijawahi," akajibu fundi saa, na alijibu kwa fahari. "Miaka arobaini nala mchana mahali pamoja, na sijaongeza chumvi hata siku moja."

Hakusema uongo. Daktari aliandika, akafurahi kupata mgonjwa mtiifu, akampa vidonge. Mkewe naye akaipunguza chumvi ya chakula cha jioni, kisha akaiondoa kabisa. Presha iliposhindwa kushuka waliongeza kidonge cha pili, halafu cha tatu. Miaka mitano ilipita hivyo, kila mtu akiamini kwamba suala la chumvi limekwisha kumalizwa.

Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa amebana gurudumu dogo kwa kibano, analirudisha katika saa ya mkono ya mwanamke, akaona doa la rangi ya chai limeingia katika jicho lake la kushoto na kutandaa. Alipangusa lenzi. Alipangusa tena. Doa lilikuwa ndani. Daktari wa macho alimweleza kwamba mshipa mdogo wa nyuma ya jicho umepasuka kwa nguvu ya damu, na kwamba jicho hilo halitarudi kusoma wala kuona kitu kidogo.

"Limebaki moja," daktari akasema. "Presha yako isiposhuka, nalo litapita njia hiyo hiyo. Nitakuona kila mwezi kwa miezi mitatu."

Kwa fundi saa jicho lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Saa hazitengenezwi kwa kupapasa. Mkewe na yeye walikitegemea kile chumba cha ngazi kumi na tisa kwa kila kitu, na zaidi ya hayo, nilivyomjua, asingejua afanye nini na mikono yake siku ya Jumatatu. Watu walipouliza, alisema springi ya saa iliruka ikampiga jichoni. Hata dada yake aliambiwa hivyo.

Muuguzi wa kliniki ya presha alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na subira. Yeye hakuuliza maswali kwa haraka.

"Asubuhi unakula nini, Mzee?"

"Chai na kiazi."

"Jioni?"

"Mke wangu anapika. Haweki chumvi hata kidogo."

"Mchana?"

"Nala mkahawani."

"Nani anapika huko?"

Fundi saa akaiangalia kofia yake magotini. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikamjibia. "Ni dada yake, mama. Dada mkubwa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mzee, chumvi nyingi tunayokula hatuitii wenyewe. Inakuja imo ndani ya chungu, ndani ya supu, ndani ya mchuzi. Unapokula nje ya nyumba, omba chakula chako kisitiwe chumvi, na uombe kabla hakijapikwa. Mchuzi uwekwe pembeni kwenye bakuli, uchovye kidogo. Supu iache kabisa. Ukikuta kiazi au ndizi za kuchemsha, chukua hizo. Na mpishi akiwa ni dada yako, si ndiyo rahisi zaidi?"

Tulitembea mitaa miwili. Kisha akasimama mbele ya duka la viatu, akasema, "Nimwambie nini? Kwamba chakula alichonilea nacho kimenipofua?"

"Mwambie umekatazwa chumvi."

"Ataniuliza tangu lini. Nikimwambia miaka mitano, ataniuliza mbona nilikuwa nakula."

Mkewe alikuwa na maneno makali zaidi. "Dada yako ukimwambia atakufa?" aliuliza. "Maana usipomwambia, mimi nitaongoza kipofu mpaka sokoni." Naye fundi saa alijibu kwamba atalimaliza kwa njia ya mhudumu.

Mhudumu wa mkahawa ule tulimwita Redio. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, mwenye kifua cha mpiga tarumbeta, aliyesimama katikati ya meza na kuzipaza oda kuelekea dirisha la jikoni hata wapita njia wakajua karani wa posta anakula nini. Fundi saa alimvuta hadi uani, karibu na mapipa ya maji.

"Redio, nataka sahani yangu isitiwe chumvi. Lakini usitangaze."

"Fundi, mimi nikiacha kutangaza watu watanianzishia msiba."

"Nakusihi."

Redio akalitazama jicho lile lililofifia, akaacha mzaha. "Dada Mkubwa anajua?"

"Asijue."

"Sasa nitasema sahani ni ya nani?"

Nilifanya kosa la kukohoa wakati huo. Redio akanigeukia, akanipima kutoka kichwani hadi viatuni. "Ya Mwalimu," akasema. "Mwalimu ana uso wa presha."

Hivyo ndivyo nilivyopewa ugonjwa wa rafiki yangu. Siku ile ile Dada Mkubwa alitoka jikoni, jambo alilofanya kwa nadra, akanishika bega. "Pole sana, Mwalimu. Nimesikia. Nimekuondolea chumvi, kula bila wasiwasi." Nilishukuru, nikainamisha kichwa kama mnafiki, na alipogeuka tukabadilishana sahani chini ya macho ya Redio. Tuliendelea na mchezo huo kwa wiki nne. Fundi saa aliniambia haoni tofauti kubwa ya ladha, nasi tukasema labda ulimi wake umekwisha kuzoea.

Mwezi ulipokwisha, mashine ya kliniki ilisoma juu vile vile. Muuguzi alimuuliza kwa upole, "Mzee, chumvi inatoka wapi?"

Fundi saa alikuwa mtu asiyeamini kisichoonekana. Siku iliyofuata alikuja mkahawani na vichupa viwili vya dawa vilivyooshwa. Akachota mchuzi mwepesi kidogo kutoka sahani yangu ya uongo, na mwingine kutoka sahani yake ya kawaida, akavitia mfukoni. Karakanani kwake aliuchuja kila mmoja kwa kitambaa safi, akadondosha matone matatu juu ya kioo cha saa, na vioo hivyo viwili akaviweka dirishani vipigwe na jua, kila kimoja na kikaratasi chake.

Nilipopanda ngazi kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa wima, hana saa yoyote mbele yake.

"Tazama," akasema, akanipa lenzi.

Ilinichukua muda kuibana jichoni. Kisha niliona utando wa mafuta uliokauka, wa rangi ya kahawia, na ndani ya utando huo vipande vidogo vyeupe, vya pembe nne, vyenye kingo zilizonyooka kana kwamba seremala alizipiga randa. Vilijaa kioo kizima. Nikahamia kioo cha pili, nikaona yale yale, na kwa wingi ule ule.

"Kipi ni cha sahani isiyo na chumvi?" niliuliza.

"Hata mimi nisingejua bila karatasi," akasema. "Redio ametimiza ahadi, na Dada ameondoa alichoombwa kuondoa. Ameondoa ile ya vidole vitatu. Nyingine imo tangu saa mbili asubuhi, na hakuna anayeweza kuitoa."

Nilidhani sasa atakwenda kusema naye. Badala yake akaacha kwenda. Alinituma nikamwambie dada kwamba kazi zimemzidi, akawa anakula mkate na samaki wa kopo juu ya meza yake ya kazi. Alidhani amejiokoa. Siku ya nane alipita kliniki, na muuguzi, aliposikia habari ya kopo, alimwomba asome maandishi ya ubavuni mwake. Alisoma kwa lile jicho moja, polepole. Chumvi ilikuwa imeandikwa ya tatu, baada ya samaki na maji, na katika mkate pia ilikuwemo. Presha ilikuwa imepanda kupita siku zote.

Siku ya tisa tulisikia hatua nzito ngazini. Zilisimama katikati, zikapumzika, zikaendelea. Dada Mkubwa alikuwa na miaka sabini na saba, na kwa miaka arobaini alikuwa amepanda ngazi zile mara mbili tu. Aliingia ameshika bakuli lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa, anahema.

"Ngazi hizi ulizichagua ili nisikufikie?" akauliza.

"Karibu, Dada. Keti."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kuuliza chakula changu kimekukosea nini."

"Kazi nyingi, Dada."

Aliliweka bakuli mbele ya ndugu yake, akaiangalia meza. Palikuwa na saa tatu. "Hizi tatu ndizo zilizokufunga siku tisa? Nilipokutuma dukani ukala sukari njiani ulinidanganya vizuri kuliko hivi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mgonjwa wa presha, mbona unazidi kunenepa?"

Fundi saa alisimama, akavuta kigoda karibu na dirisha, akachukua kile kioo cha saa kilichokuwa na karatasi ya sahani yangu.

"Dada, hakuna mgonjwa hapa ila mimi. Nina presha mwaka wa tano huu. Mwalimu alinibebea tu. Tafadhali tazama hapa."

Ilibidi amwonyeshe namna ya kufumba jicho jingine. Alikosa mara kadhaa, akanung'unika kwamba anaona kope zake mwenyewe, kisha akatulia. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.

"Vigae hivi ni nini?"

"Ni chumvi, Dada."

"Ya nani?"

"Ya chungu. Hii ni sahani uliyoiondolea."

"Niliiondoa ya juu."

"Ya juu ilitoka. Ya chungu ilibaki."

Aliishusha lenzi. Hapo ndipo alipoketi. Barabarani mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza mitungi, akapita, sauti ikafifia. Dada Mkubwa alikuwa anamtazama mdogo wake usoni, upande wa kushoto.

"Uliniambia ni springi," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa springi?"

"Hapana, Dada. Ni mshipa. Presha iliupasua. Daktari anasema na hili lililobaki liko njiani."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mimi niliyenyamaza miaka mitano."

"Sikukuuliza nani alinyamaza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nimeuliza habari ya jicho. Mtoto nilipokabidhiwa alikuwa nayo mawili."

Hakulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mumewe. Alilivuta bakuli lililokuwa mbele ya ndugu yake, akakaza kile kitambaa fundo la pili, akasema, "Hiki usikile," akashuka nacho. Tulizisikia hatua zake hadi mtaani. Fundi saa alibaki ameshika meza kwa mikono miwili.

Kesho yake, kabla ya saa mbili asubuhi, Dada Mkubwa aliteka supu katika sufuria ndogo kabla ya kutia chumvi, akapikia humo chakula cha mtu mmoja kwa vitunguu, nyanya na limau. Redio alikileta akinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika meza nne. Fundi saa alikula kijiko cha kwanza, akakaa nacho mdomoni. "Tumerudi bweni, Mwalimu," akasema. Tulicheka kidogo. Lakini alikula chote, na kuanzia siku hiyo alikula hicho.

Dada Mkubwa hakuishia hapo. Baada ya wiki alivitupa vile vidonge vya supu, akapunguza konzi zake kwa nusu kwa chungu kizima, na kwenye kila meza akaweka kibakuli cha chumvi chenye kijiko. Hakueleza sababu kwa mtu yeyote. Wateja walitazamana. Karani mmoja wa muda mrefu alisema kwa sauti, "Dada Mkubwa amezeeka, mkono umeanza kupotea," na Redio akamjibu, "Chumvi iko mbele ya pua yako, bwana mkubwa, au nikulishe?" Wapo waliohamia mkahawa wa pili na hawakurudi. Nilimwona dada akisimama nyuma ya dirisha la jikoni kila mkono ulipokwenda kwenye kibakuli. Alihesabu mikono hiyo, nadhani, na kila mmoja ulimuumiza, naye aliendelea kusimama.

Ulipofika mwisho wa mwezi wa tatu alifunga mkahawa kwa nusu siku, akatufuata kliniki. Alivaa viatu vya kanisani. Kwanza tulikwenda kwa daktari wa macho, ambaye alizima taa, akamulika jicho la kulia kwa muda uliotuchosha roho, akaiwasha tena taa. Hakuna damu mpya, alisema. Mishipa imetulia. Jicho la kushoto ni hasara, lakini la kulia, akiendelea hivi, lina kazi bado. Dada Mkubwa alimtaka aseme tena, yeye asiyependa kurudiwa wala kurudia, na daktari akasema tena.

Muuguzi alipima presha ya fundi saa, akaonyesha namba kwa kidole, akatabasamu. Kisha akauzungusha ule mkanda wa kupimia kuelekea upande wa pili wa benchi.

"Na Mama naye alete mkono."

"Mimi siumwi. Mgonjwa wenu ni huyu."

"Ni dakika moja tu, Mama."

Alikunja mkono wa gauni kwa kumridhisha. Muuguzi alipima, akaangalia namba. Akahamisha mkanda mkono wa pili, akasubiri, akapima tena. Nilikuwa karibu, nikaziona: mia na tisini na sita, kwa mia na kumi. Ndugu yake hakuwahi kufika huko hata siku jicho lilipopasuka.

Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Kwa miaka sitini alikuwa ameonja chungu kile tangu alfajiri hadi kilipokauka, kijiko baada ya kijiko, na mwishoni alikula mabaki yake.

"Namba yangu ni mbaya?" akauliza.

Muuguzi alifungua kinywa, lakini fundi saa alimtangulia. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye benchi ili amwone dada yake kwa lile jicho la kulia.

"Ni mbaya, Dada. Ni mbaya kuliko yangu. Kuanzia leo utakula kwenye sufuria ndogo pamoja nami. Na chungu hukionji tena."

Kwa wanaomjua, neno hilo lilikuwa kubwa. Hakuwahi kumwamuru kitu maishani mwake. Dada Mkubwa aliushusha mkono wa gauni, akafunga kifungo, akakosa tundu, akafunga tena.

"Nisipoonja mimi, ataonja nani? Redio?"

"Nitaonja mimi."

"Wewe! Unajua nini habari ya chumvi?"

"Nimekaa bila hiyo karibu miezi miwili," akasema. "Sasa naisikia hata ikiwa chembe. Wewe huisikii tena, Dada. Ndiyo maana ilikuwa inaongezeka."

Alimwangalia muuguzi kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake. Muuguzi alitikisa kichwa kukubaliana na fundi. Tulitoka nje, tukavuka barabara Dada Mkubwa akiwa katikati yetu, na kwenye kona ya duka la vitambaa akasema tu, bila kumtazama mtu, "Saa mbili kasoro. Usichelewe."

Aliishi miaka minne baada ya siku hiyo, akinywa vidonge vyake, akinung'unika juu ya vidonge vyake. Katika miaka hiyo fundi saa alipita mkahawani kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Mara nyingine nilifuatana naye, nikasimama mlangoni pa jikoni. Moshi ulikuwa umejaa, na wapishi wasaidizi waliacha kuzungumza. Dada Mkubwa alisimama na bakuli la chumvi kifuani, mkono mmoja juu ya chungu. Mdogo wake akateka kwa kijiko cha mti, akapuliza, akaonja, akafikiri. Naye alimngoja, amekaza macho kwenye uso wa ndugu yake, mkono ukiwa umesimama hewani, umefumbata chumvi.

"Basi, Dada," alisema.

Na dada aliirudisha ile iliyobaki mkononi ndani ya bakuli, akafunika.